Jina la Mtu wa Nyumba Hii

Ng'ombe aliacha kufukuza nzi. Jambo lenyewe lilianzia hapo, na anayetaka mwanzo mkubwa zaidi akatafute kwa wengine.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, Gendabi, watu wa misa ya kwanza wamekwisha kupita. Marieta alikwenda zizini kukamua. Ng'ombe aliitwa Pasaka kwa sababu alizaliwa Jumatatu ya Pasaka, na jina takatifu halikumsaidia kitu, maana hakuwa na adabu. Kila siku alimchapa mkamuaji mkia usoni, na kila siku Marieta alimtukana ukoo wake wote. Siku hiyo alisimama tu. Nzi walimjaa machoni, wanatembea juu ya mboni yenyewe, wanakunywa, naye macho wazi, hapepesi. Marieta alimfinya sikio. Akamchoma ubavuni kwa mwiba. Ngozi ya ng'ombe hutetemeka hata ikiguswa na unyasi. Ile haikutetemeka. Maziwa yalitoka kama kawaida, ya moto. Marieta akayamwaga.

"Mama, mbona unamwaga?" mkwewe Hilaria aliuliza kutoka mlangoni.

"Nimemwaga. Kama unayataka, yako hapo chini."

Hilaria hakucheka wala hakukasirika. Tangu mlima uliposhuka na tope, miezi mitano nyuma, alikuwa hafanyi lolote kati ya hayo mawili. Mumewe, mwalimu Modest Sulle, mtoto wa Marieta, alikwenda na tope pamoja na nyumba. Walimfukua siku ya tatu. Hilaria alichimba na wanaume, kwa jembe kwanza, kisha kwa mikono, na alipomwona alisema, "Ndiye huyu," kama mtu anayetambua mwavuli wake. Baada ya hapo alihamia kwa mkwewe na binti yake Judica, wa miaka kumi na miwili. Alipika, alifua, alipalilia. Watu walisema ni mwanamke imara. Watu husema mengi.

Nyumba yao ilikuwa metimani. Kwa Wairaqw, nyumba iliyofiwa hivyo hujitenga. Watu wake hawaingii kwa wengine, hawapokei moto, na hakuna kitu cha marehemu kinachotoka nje ya boma mpaka wazee waseme siku zimetimia. Siku hizi wapo wanaofupisha. Marieta hakufupisha. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

Na Hilaria alikuwa amekwisha kuivunja. Jumamosi, Marieta akiwa shambani, alitoa kompyuta ya marehemu chini ya kitanda, akaifunga kwenye kitenge, akapanda bodaboda mpaka Katesh.

Hakuwa na njia nyingine. Basili, baba mdogo wa marehemu, alikuwa analitaka shamba la juu, lile lililosalimika pale tope lilipopinda. Alisema Modest alikuwa analilinda tu, mwenye haki ni yeye. Hati aliyoisaini baba yake Modest kabla ya kufa ilikwenda na nyumba. Lakini Modest aliipiga picha, akawapiga picha na wazee wamesimama kwenye mpaka wa minyaa, kila mmoja mkono juu ya mti, akaziweka zote ndani ya kompyuta. Kompyuta ilinusurika kwa kuwa siku ile ilikuwa shuleni, Endasak. Baraza la ardhi lilipangwa kukaa Alhamisi. Picha zisipoonekana, Hilaria na mtoto wake wangelima wapi? Marieta mwenyewe alikuwa na bustani ya vitunguu tu.

Fundi aliitwa Mudathir. Babu yake alitoka Kondoa na mzigo wa nguo mgongoni, akafungua duka nyuma ya soko la Katesh. Sasa nusu ya duka ni kanga na mashuka, anauza mke wake Safina, na nusu ni simu na kompyuta zilizopasuliwa matumbo. Alikuwa na mikono mizuri na mdomo mwingi.

"Hii siyo Windows, mama," alisema. "Hii ni Linux. Mwalimu alipenda vitu vigumu."

"Aliwekewa na rafiki yake wa chuo. Alikuwa anatungia mitihani humo, akasema wanafunzi wana vidole virefu, akaifunga."

"Diski nzima imefungwa?"

"Sijui diski. Alisema imefungwa."

Mudathir aliiwasha. Alama ndogo ikatokea katikati ya kioo, ikazunguka mara mbili, kisha kioo kikawa cheusi. Hakikuwa na weusi wa kitu kilichozimika. Nyuma ya weusi ule kulikuwa na mwanga hafifu, kama mtu aliyefumba macho na hajalala. Feni iliendelea kuvuma.

"Imekufa?"

"Haijafa. Ugonjwa huu naujua. Inapowaka inabadilisha namna ya kuonyesha, na draiva, ile programu inayoongoza kioo, haijawa tayari, basi kioo kinabaki gizani. Yenyewe iko macho. Hapo ilipofika inasubiri neno la siri. Ukiliandika bila kuona, inalipokea vilevile." Akacheka. "Yaani kuna mtu mlangoni. Anakusikia, ila wewe humwoni."

Kila fundi ana neno lake la kujaribia kibodi. La Mudathir lilikuwa jina lake mwenyewe. Aliliandika haraka, herufi nane, akabonyeza enta. Feni ikasimama. Ikanyamaza muda wa pumzi moja, kisha ikaendelea.

"Kibodi ni nzima," alisema.

Ndipo harufu ilipokuja. Ilitoka kwenye matundu ya feni pamoja na joto, harufu ya tope bichi na mizizi iliyopasuliwa na kitu kitamu kidogo chini yake. Tone la tope halikuwahi kuigusa kompyuta ile. Hilaria aliijua harufu kwa sababu alichimba ndani yake siku tatu. Alisubiri aone kama itamuumiza. Haikumuumiza.

"Neno lenyewe alikudokeza?"

"Alisema ni jina la mtu wa nyumba hii. Alikuwa anacheka."

"Labda jina lake," Mudathir alisema, kisha akajijibu mwenyewe. "Hapana. Hakuna mwenye akili anayejifungia kwa jina lake."

Hilaria alishukuru. Kwao mke hamtaji mumewe kwa jina. Alikuwa Baba Judica tangu Judica azaliwe, na kabla ya hapo alikuwa "wewe." Miaka kumi na minne hajalitamka jina lile, na hakukusudia kuanzia dukani kwa mtu.

"Jaribu Pasaka," alisema. "Ng'ombe wetu."

"Ng'ombe ni mtu wa nyumba?"

"Yule ni mtu. Alimpenda kuliko sisi."

Mudathir akaandika. Feni ikasimama, pumzi moja, ikaendelea. Halafu umeme wa mji ukakatika, na kwa kuwa betri ya kompyuta ilikufa siku nyingi, kazi ikaishia hapo. Asubuhi yake Pasaka aliacha kufukuza nzi.

Jumapili hiyohiyo mchana, Safina alimwekea mumewe chai. Akageuka kuchukua chapati. Aliporudi, kikombe kilikuwa kitupu, na chai ilikuwa imetoka jikoni sasa hivi.

"Wee baba! Hujaungua?"

"Kwani ya moto?" Mudathir alisema. Mdomo wa chini ulikuwa umekwisha kuinuka lengelenge.

Jumatatu Hilaria alirudi Katesh. Alimwambia Marieta anakwenda kwa karani wa baraza. Uongo wa mtu aliyekufa ganzi huwa mzuri, hautoi jasho.

Mudathir alikuwa ameijaribu kompyuta kwa flashi yake, akaiwashia Linux nyingine kutoka humo. Kioo kiliwaka vizuri kabisa. Basi kioo hakikuwa na ugonjwa. Lakini alipoitafuta diski ya mwalimu kutoka kwenye ile flashi, hakuiona. Iliyokuwa ikisubiri neno juzi, leo haipo, kama mtu aliyejibanza nyuma ya mlango asikutwe na mgeni asiyemtaka. Alipoitoa flashi na kuiwasha kwa njia yake, ikarudi gizani, ikasubiri.

"Sijawahi kuona," alisema, lakini alisema kama mtu anayesifia. "Tupe jina."

"Judica. Binti yetu."

Aliandika. Feni ikasimama, safari hii pumzi mbili.

"Jingine."

"Hilaria. Mimi."

Aliandika, na feni ikasimama tena, na katika ukimya ule spika ndogo za kompyuta, ambazo zilipaswa kuwa hazijaamka bado, zikatoa sauti ya mbali na ya chini, mawe yanaviringika ndani ya kitu kizito, yanagongana polepole, yanakuja, yanakuja, mpaka Safina aliyekuwa anakunja mashuka upande wa pili akauliza ni lori gani hilo linarudi nyuma, na Hilaria, aliyeisikia sauti ile alfajiri moja akiwa amesimama uani na ndoo, akasema kwa upole kabisa kwamba siyo lori.

"Niachie mpaka Jumatano," Mudathir alisema. Alikuwa anajifuta mdomo kwa leso, na leso ilikuwa na damu, naye hajui. "Nikipata kioo, tutaona inataka nini."

Jioni hiyo, jua bado liko juu ya mlima, Judica alikuwa anasonga ugali. Marieta alikaa kwenye kigoda anachambua maharage. Alisikia harufu ya ngozi. Alidhani kuku ameangukia moto. Akainua kichwa, akamwona mjukuu wake ameishika sufuria mikononi, bila kitambaa, ameitoa kwenye mafiga na anatembea nayo taratibu asije akamwaga.

"Bibi," Judica aliuliza, "niiweke wapi?"

Marieta aliipiga sufuria ile teke. Akakamata mikono ya mtoto, akaigeuza. Viganja vilikuwa vyeupe, na kwenye vidole ngozi ilibaki kwenye sufuria.

"Inauma?"

"Sisikii kitu, bibi. Ni kama ya mtu mwingine."

Hakulia. Alikaa ametazama mikono yake huku bibi yake akiifunga kwa kanga safi. Hilaria alisimama mlangoni anatazama. Marieta alimwona mkwewe, akamwona jinsi alivyosimama, akajua.

"Umefanya nini?"

"Nimeipeleka kompyuta ya Baba Judica kwa fundi."

"Nje ya boma."

"Ndiyo, mama."

"Bado siku kumi na moja."

"Baraza halihesabu siku zetu."

"Endelea. Hujamaliza, nakuona."

Hilaria akaeleza kioo cheusi, na mlango, na neno. Alieleza kama anasoma tangazo la zahanati.

"Kwa hiyo," Marieta alisema, "mmeketi mbele ya kitu kilicho gizani, kimetoka kwenye nyumba ya msiba, na mmekipa majina ya watu walio hai. Moja moja. Wewe na mtu mzima mwenye duka."

"Tulidhani ni paswedi."

"Majina gani?"

"Pasaka. Judica. Na la kwangu."

Marieta alimtazama mkwewe usoni. "Na wewe hukusikia kitu? Mwilini?"

"Sijui, mama," Hilaria alisema. "Mimi nilikuwa hivi tangu tulipomfukua. Ningejuaje?"

Marieta akaongeza mzunguko mwingine wa kanga kwenye mkono wa mtoto.

"Ni yeye?" Hilaria aliuliza, sauti chini. "Ni Baba Judica anasubiri?"

"Modest? Modest hakuwahi kusubiri hata uji upoe. Hapana. Huyu ameshuka na tope. Huko juu kuna chemchemi, na kila chemchemi ina mwenyewe. Watu wa Katesh wanasema jini, sisi tunasema netlaangw, kuuma ni kule kule. Chemchemi zimefukiwa. Sasa hana kwake. Asiye na kwake hukaa kwenye mlango wa mtu aliyekufa, na hachukui mpaka apewe. Ninyi mkampa."

"Tuitupe ziwani. Balangida siyo mbali."

"Uitupe na mtoto wako ndani? Majina yako humo." Marieta akafunga fundo la kanga. "Itafunguliwa."

Jumanne Basili alikuja. Alisimama nje ya uzio wa boma. Aliiheshimu sana metimani, maana ilimwokoa na kazi ya kuingia kutoa pole.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Umekuja kupima mlango?"

"Nimekuja kwa wema. Alhamisi isije ikawa aibu mbele za watu. Mama Judica hana karatasi."

"Na wewe unayo?"

"Mimi ni wa ukoo."

"Kupe naye ni wa ng'ombe," Marieta alisema. "Nenda, Basili. Tutaonana Alhamisi."

Alipoondoka, Marieta alikwenda zizini akawafukuza nzi machoni pa Pasaka kwa mkono wake. Hakuwa mganga. Mganga wa Dongobesh angetaka kondoo mweusi na siku saba, na mpaka baraza zilibaki mbili. Alisoma mpaka darasa la nne tu, na vitu alivyoweza kuandika bila kutazama mahali vilikuwa vitatu: jina lake, jina la Yesu, na jina la mwanawe.

Jumatano, saa sita mchana, jua la utosi, Marieta, Hilaria na Judica waliingia dukani kwa Mudathir, maana metimani ilikuwa imekwisha kuvunjwa. Wateja wanne wa simu walikuwa wamekaa kwenye benchi.

"Shikamoo bibi," Mudathir alisema. Maneno yalimtoka mazito, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Marahaba. Mdomo una nini?"

"Chai tu, bibi. Karibuni. Kioo nimekipata!" Akawa na furaha ya kweli. "Kuna orodha inajificha inapowaka. Nimeikamata. Nikafungua ule mstari wa kuwashia, nikaongeza neno moja, nomodeset. Linaiambia isijipambe, ionyeshe maandishi matupu. Tazameni."

Akaiwasha. Mistari myeupe ilishuka kama mvua kwenye weusi, ikasimama. Chini kabisa palikuwa na swali moja la Kiingereza, linaomba neno la siri, na mbele yake kijistari kinachowaka na kuzimika.

"Ukiandika, kila herufi inatoa nyota," Mudathir alieleza. "Hatuandiki tena gizani."

Hakuna aliyekuwa ameigusa kibodi. Mikono ya fundi ilikuwa mapajani.

Nyota ikatokea. Ya pili. Taratibu, kama mtu anayejifunza kuandika kwa kidole kimoja, mpaka zikawa sita. Zikafutika. Zikaja sita tena. Zikafutika. Zikaja saba. Harufu ya tope ikajaa dukani, ikapanda juu ya harufu ya kanga mpya, na watu wa kwenye benchi wakaziba pua na kutazamana, na feni ikavuta hewa ndani badala ya kuitoa, ikavuta, ikavuta, na kitenge kilichokuwa kando ya kompyuta kikasogea chenyewe kidogo kidogo kuelekea kwenye matundu, na wote walioko pale wakaona zile saba zinafutika na nyota nyingine zinaanza kupangwa, moja, mbili, tatu, hazikomi kwenye sita, hazikomi kwenye saba, mpaka zikasimama nane.

Marieta alihesabu kwa kidole juu ya kioo.

"Pasaka sita," alisema. "Judica sita. Hilaria saba. Hili la nane ni la nani?"

Mudathir alitazama nyota. Watu wa kwenye benchi walimtazama yeye. Mmoja alikuwa Gervasi, mpiga picha wa harusi, ambaye asubuhi ile ile Mudathir alimcheka kwa kuvaa hirizi.

"Hiyo ni kasoro ya kibodi, bibi," alisema. "Vumbi linabonyeza vitufe. Mashine haina majina."

"Sikukuuliza mashine. Nakuuliza wewe. Kuna jina jingine uliloliandika humu? Jina huitikiwa na mwenyewe. Nikimwita mtu anayejikana, nani ataitika?"

"Hapana, bibi," Mudathir alisema. "Hakuna jingine."

"Nakuuliza mara moja tu."

"Nimeshasema hapana." Akacheka, na lengelenge la mdomo likapasuka, asijue.

Marieta aliketi kwenye kiti cha fundi. Alizungumza na kioo kwa Kiiraqw kwanza, maneno machache, kwa sauti ya mtu anayemwondoa mbwa jikoni. Kisha akaita majina.

"Judica!"

"Abee bibi."

"Hilaria!"

Hilaria alikuwa anaitazama kompyuta.

"Hilaria, mkwe wangu. Nakuita wewe."

"Abee," Hilaria alisema mwishowe.

"Pasaka. Utaitika kwa mkia. Hao ni wangu. Waachie." Akafuta zile nyota nane kwa kitufe alichoonyeshwa. Kisha akaweka kidole cha shahada juu ya kibodi, akaitafuta herufi ya kwanza, akaipata. "Mtu wa nyumba hii! Mmetaja ng'ombe, mmetaja mtoto. Yeye hakuwa wa nyumba hii?"

Hilaria akageuza uso ukutani.

Herufi sita, jina la marehemu. Aliandika mama yake, ambaye hakukatazwa na yeyote. Kila herufi aliitafuta upya, na kila nyota ilipotokea feni ilivuta zaidi, na mawe yakaanza kuviringika ndani ya spika.

"Huyu ndiye mwenye mlango," Marieta alisema. "Amekufa. Mimi nilimzaa na mimi nilimfukia, sina cha kufichwa. Mlango wake tunaufungua sisi. Wewe ondoka."

Akabonyeza enta.

Feni ilisimama. Ilisimama pumzi moja, mbili, tano. Halafu ikapuliza nje pumzi moja ndefu ya baridi iliyonyanyua mashuka ya Safina kwenye rafu, na harufu ikatoka mlangoni kama mtu anayejua njia. Mistari ikakimbia kwenye kioo. Pakatokea picha ya ng'ombe, mkia juu, anatazama kamera kwa dharau.

Na Judica akapiga kelele.

Alipiga kelele kama mtu aliyeshika sufuria sasa hivi. Alijikunja sakafuni, mikono kifuani, analia mpaka soko zima likasimama, na Hilaria, aliyekuwa amegeukia ukuta, akateleza chini taratibu mpaka akakaa, akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kilio cha miezi mitano kwa mpigo. Alimlilia mumewe pale, kati ya simu zilizopasuliwa. Marieta aliwaacha walie. Alimwambia Mudathir atoe picha za shamba kwenye karatasi, na haraka.

Mudathir alizitoa. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo.

Alhamisi Basili aliziona picha za wazee, mikono juu ya minyaa, na mmoja wa wazee hao alikuwa yeye mwenyewe. Hakuongea sana. Shamba likabaki kwa Hilaria. Judica alilia usiku na mchana kwa maumivu, na bibi yake akalala usingizi mzuri. Hilaria alikuwa analia akipika, akipalilia, akifunga mbuzi kamba, mpaka Marieta akamwambia atunze machozi mengine ya kiangazi.

Siku za metimani zilipotimia, Hilaria alimfunga jogoo miguu, akampelekea fundi kwa shukrani.

Safina alikuwa upande wake wa kanga. Alikuwa amekonda.

"Karibu, mama Judica. Yuko pale. Ila siku hizi haitiki. Namwita kula, haitiki. Namtikisa, ananitazama tu. Hospitali wamempima, hawaoni kitu."

Mudathir alikuwa amekaa mbele ya kompyuta mpya ya mteja, ambayo haikuwahi kufika Gendabi wala kujua mlima ni nini. Kioo chake kilikuwa cheusi, chenye mwanga kidogo nyuma. Chini kabisa palikuwa na nyota. Hilaria hakutaka kuhesabu, akahesabu. Nane.

Chuma cha kuunganishia nyaya kilikuwa kinawaka juu ya meza, na mkono wa kushoto wa Mudathir ulikuwa umekilalia. Hilaria akachomoa waya ukutani.

"Fundi," alisema.

Nzi alitua shavuni mwa Mudathir. Akapanda. Akaingia kwenye jicho, akatembea juu ya mboni, akasimama, akanawa miguu.

Hilaria, ambaye hakuwahi kumtaja hata mumewe, akamwita mwanaume yule kwa jina. "Mudathir!" Akamwita mara tatu. Jicho halikupepesa.

Alifika Gendabi jioni, jogoo bado kwapani. Marieta alikuwa zizini, ndoo kati ya magoti. Hilaria akamweleza yote, akasimama kusubiri.

"Twende kesho, mama. Ukamwite."

Mikono ya Marieta ilisimama kwenye chuchu.

"Nilimuuliza," alisema. "Akajikana."

Kisha akaendelea kukamua. Pasaka akamchapa mkia usoni, mkia mzima na matope yake, na Marieta, kwa mara ya kwanza, hakumtukana.